Maswali ya Wasomaji: Runinga Mpya, Anime Imepoteza Makali

Barua za mwezi huu kuhusu anime (katuni za Kijapani), filamu na gemu za Kijapani zimetoka Dodoma na Singida.

*Wakubwa, shikamooni. Nyumbani tumenunua runinga mpya ya inchi 43. Anime niliyokuwa naiona safi kwenye simu, humu inateleza mno, na watu wakipigana mikono na panga zinaingia ukungu pembeni. Tumeuziwa mbovu?* (Msomaji, Nkuhungu)

Marahaba. Runinga ni nzima, ila inawabunia picha ambazo hakuna aliyezichora. Anime huonyeshwa kwa fremu, yaani picha moja moja, 24 kwa sekunde, lakini si kila fremu ina mchoro mpya. Mara nyingi mchoro mmoja hushikiliwa kwa fremu mbili, maana yake michoro 12 kwa sekunde, au kwa fremu tatu, yaani michoro 8. Pigano likipamba moto, mchoraji anaweza kuchora kila fremu kwa muda mfupi, kisha akarudi kushikilia. Kupishana huko ndiko kunakoupa upanga uzito: umetulia, umetulia, ghafla umeshashuka. Ni ufundi wa makusudi na unastahili kuonekana ulivyo.

Runinga mpya nyingi hutoka kiwandani zikiwa zimewashwa ulainishaji wa mwendo. Zinachukua fremu mbili na kukisia za katikati. Kwa mtu anayetembea polepole zinaweza kupatia. Kwa mchoro ulioruka kutoka mkao mmoja hadi mwingine hazina pa kushika, ndipo mkono unapoonekana kuyeyuka.

Ingieni kwenye mipangilio ya picha. Samsung wanaita Auto Motion Plus au Picture Clarity, LG wanaita TruMotion, Sony wanaita Motionflow. Zimeni kabisa, msiishie kwenye kiwango cha chini, maana hata hicho bado kinabuni fremu. Kama kuna Filmmaker Mode, hiyo peke yake inazima ulainishaji. Halafu shusheni Sharpness (ukali wa picha) mpaka ule mstari mweupe unaozunguka nywele za wahusika upotee. Wengi wanakwama hapa: runinga huweza kuhifadhi mipangilio hii kwa kila tundu la HDMI na kwa kila aina ya picha. Ukizima kwenye king'amuzi, ukihamia flashi au programu ya runinga yenyewe unaweza kuikuta bado imewaka. Rudieni kila mahali. Mkishazima, mandhari ikipita upande kwa upande itaonekana kuruka kidogo. Hivyo ndivyo fremu 24 zilivyo, msiuwashe tena ulainishaji.

*Niko UDOM. Nataka kufika kwenye filamu ya Demon Slayer: Infinity Castle lakini nimeanza katikati na sielewi. Nifuate mpangilio gani, na bando litaniishia wapi?* (Mwanafunzi, Dodoma)

Anza na sizoni ya kwanza ya 2019, episodi 26. Kisha Mugen Train, na hapa uchague moja: filamu ya 2020, au toleo la runinga la episodi 7. Hadithi ni ileile, isipokuwa episodi ya kwanza ya toleo la runinga inaongeza safari ya mpiganaji Rengoku kabla ya treni. Sisi tungechukua filamu, kwa sababu ilitungwa itazamwe kwa mkao mmoja na huzuni yake haikatwi na nyimbo za kufungua na kufunga. Baada ya hapo ni Entertainment District, episodi 11, Swordsmith Village, episodi 11, na Hashira Training ya 2024, episodi 8. Infinity Castle, iliyotoka Japani Julai 18, 2025, inaanzia palepale Hashira Training ilipoishia. Ndiyo maana hukuelewa: haisimami kumweleza mgeni chochote, na yenyewe ni ya kwanza kati ya filamu tatu.

Usipoteze bando kwa To the Swordsmith Village wala To the Hashira Training. Zilionyeshwa kwenye majumba ya sinema, lakini ni episodi za runinga zilizounganishwa, mwisho wa sehemu moja na mwanzo wa inayofuata.

Safari yote kabla ya Infinity Castle ni takriban saa 25. Kwa viwango vya Netflix, ubora wa chini unakula hadi GB 0.3 kwa saa, wa kati GB 0.7, na HD hadi GB 3. Kwa hiyo ni kati ya GB 7.5 na GB 75, uamuzi ni wako. Kwenye simu tumia wa kati, jumla GB 17 na kidogo. Ule wa chini unaua mapigano ya usiku, ambayo ndani ya Demon Slayer ni karibu yote: giza linakatika vipandevipande na moshi unageuka miraba. Zima pia uchezaji wa moja kwa moja wa episodi inayofuata, kwa maana ukilala bando linaendelea kukatwa.

*Ratiba ya kituo cha Japani inasema "Jumamosi 25:30". Hiyo ni saa ngapi kwetu?* (Msomaji, Kongwa)

Saa 1:30 usiku, Jumamosi hiyohiyo. Vituo vya Japani huendeleza hesabu ya saa baada ya saa sita usiku ili kipindi kibaki kwenye siku yake, hivyo 25:30 kwao ni alfajiri ya Jumapili. Toa 24, unabaki na 1:30. Tokyo iko mbele yetu kwa saa 6, na saa ya Kiswahili nayo inapishana kwa saa 6 na ile ya kizungu, kwa hiyo namba zinakutana zenyewe. Saa 23:00 ya Ijumaa huko, toa 12, ni saa 11 jioni ya Ijumaa hapa. Saa 17:00 ya Jumapili ni saa 5 asubuhi. Japani hawabadilishi saa kwa majira, na sisi hatubadilishi, basi hesabu haigeuki mwaka mzima. Kwa toleo lenye tafsiri ya maandishi chini ya picha, ongeza nusu saa au zaidi.

*Ndugu wahariri, nina kibanda cha gemu Chang'ombe. PS4 moja inaunguruma, kisha inaandika imepata joto na kuzima. Pedi nazo, mchezaji anakimbia mwenyewe kwenye eFootball.* (Mwenye kibanda, Dodoma)

Tuanze na joto. Kiangazi chetu cha Mei hadi Novemba ni vumbi na upepo, na feni ya PS4 inavuta yote mawili. Vumbi linajaza kati ya mapezi ya chuma yanayopoza chipu, hewa haipiti, feni inaongeza kasi na kuvuta vumbi zaidi. Chomoa umeme, subiri ipoe. Skrubu zinahitaji bisibisi ya nyota yenye tundu katikati, T8 au T9. Kabla ya kupuliza, zuia feni kwa kijiti cha meno, kwani upepo ukiizungusha kwa kasi beringi inaumia. Puliza mapezi kutoka upande hewa inakotokea kwenda inakoingia, ili uchafu urudi ulikotoka. Usifungue kiboksi cha umeme. Kama bado inachemka, fundi abadilishe mafuta ya joto, yale mazito ya kupitisha joto kutoka kwenye chipu: afute ya zamani kwa alkoholi ya asilimia 90 au zaidi, apake safu nyembamba inayofunika chipu yote. Kisha iweke juu ya meza, sentimita 10 kutoka ukutani, na kama mnaifunika kwa kitambaa cha kufuma, ifunikwe ikishapoa, kamwe isifunikwe ikiwa inafanya kazi.

Pedi: nyuma, karibu na kitufe cha L2, kuna kitundu. Zima PS4, bonyeza humo kwa pini sekunde 5, unganisha kwa waya wa USB, bonyeza kitufe cha PS. Waya wa kuchajia tupu hautaiunganisha, lazima uwe wa kupitisha data. Ikiendelea, njia ya kaboni ndani ya kijiti imelika au imeingia vumbi. Dawa ya kusafishia swichi inasaidia vumbi tu. Iliyolika inabadilishwa, na kijiti kimoja kina miguu 14 iliyochomelewa kwa risasi. Fundi akikaza joto muda mrefu, shaba ya bodi inabanduka na pedi imekufa, basi mpe anayetumia pampu ya kunyonyea risasi.

Mkimaliza, washeni Game Mode kwenye runinga. Ule ulainishaji tuliomweleza msomaji wa Nkuhungu unalazimisha runinga isubiri fremu inayofuata kabla ya kuonyesha, na pasi inatoka baada ya kidole.

*Godzilla Minus One: lazima nione za zamani kwanza?* (Msomaji, Manyoni)

Hapana. Ni hadithi kamili, inaanza mwishoni mwa vita mwaka 1945 na rubani aliyekwepa kufa. Takashi Yamazaki aliiongoza na kusimamia picha za kompyuta mwenyewe, na mwaka 2024 ikapata Oscar ya athari za picha. Itazame kwa ajili ya rubani na yule mtoto anayelelewa bila wazazi. Godzilla, yule mnyama mkubwa, akitokea, hofu unayoihisi ni ya kwao, na ndiyo iliyo bora kuliko jengo lolote linaloporomoka. Ongeza sauti, au vaa spika za masikioni, kwa sababu mngurumo wake ukisikika kwa spika ya simu nusu ya filamu imepotea.