Dodoso la usonji na mtu anayesikia sauti

Tangu niandike kuhusu usonji (autism) wa watu wazima, yaani hali ya tangu utotoni inayogusa namna mtu anavyowasiliana na kuhusiana na wenzake, wengi wenu mmeniuliza kuhusu vipimo. Leo najibu maswali machache.

Nina miaka 34. Nimejaza dodoso la maswali 50 kwenye simu, nikapata alama 35. Nasikia kuanzia 32 ni usonji. Ni kweli?

Dada yangu, dodoso hilo bila shaka ni AQ, ambalo mtu hulijaza mwenyewe kupima dalili za usonji, lililotolewa mwaka 2001 na Simon Baron-Cohen na wenzake wa Cambridge, Uingereza. Katika utafiti wao, watu wazima wenye usonji 8 kati ya 10 walifikisha alama 32. Kwa watu waliochaguliwa tu kutoka jamii, waliofika hapo walikuwa 2 kati ya 100. Lakini hapakuwa na kundi la wenye sonona wala skizofrenia (ugonjwa wa akili unaoweza kumfanya mtu asikie au aamini yasiyokuwepo), na hao ndio hasa wanaotuchanganya kliniki. Alama 35 inatosha kukufanya umtafute mtaalamu. Haitoshi kukupa jina la hali uliyonayo.

Kaka yangu ametibiwa skizofrenia miaka tisa. Daktari mpya anasema huenda ni usonji. Inakuwaje watu wasomi wakosee hivyo?

Pole sana kwa safari hiyo. Mkanganyiko huu ni wa zamani kuliko sisi sote. Neno lenyewe, autism, ambalo sisi tunaliita usonji, lilibuniwa na Eugen Bleuler, daktari wa Uswisi, mwanzoni mwa karne ya 20, kueleza jinsi wagonjwa wa skizofrenia wanavyojifungia ndani ya nafsi zao. Mwaka 1943 Leo Kanner, akiwa Marekani, akalitumia kwa watoto 11 aliowachunguza. Mwongozo wa madaktari wa Marekani wa magonjwa ya akili, DSM, ulikuja kuutenga usonji na skizofrenia mwaka 1980.

Ukimtazama mtu leo tu, hali hizi mbili hufanana: maneno machache, uso usioonyesha hisia, kujitenga, marafiki kutokuwepo. Ndiyo maana wenye skizofrenia wakijaza AQ hupata alama za juu kuliko watu wengine hata kama hawana usonji. Hata kipimo cha usonji kiitwacho ADOS-2, ambamo mtaalamu hukaa na mtu ana kwa ana, kimewahi kuwahesabu baadhi yao kuwa na usonji.

Kosa hutokea upande wa pili pia. Daktari anauliza, "Huwa unasikia sauti za watu usiowaona?" Mwenye usonji, anayechukua maneno jinsi yalivyo, anajibu, "Ndiyo, kila usiku." Anamaanisha majirani nyuma ya ukuta! Daktari asipouliza "sauti za nani, zinatoka wapi?", faili linaandikwa "anasikia sauti", na miaka inapita.

Kinachosaidia kutenganisha ni utoto. Usonji huwapo tangu mtu ni mdogo. Skizofrenia kwa kawaida huanza ujanani au utu uzimani, na mara nyingi familia hukumbuka kipindi ambacho mtu wao alibadilika. Nakuomba jambo moja: kaka asiache dawa kabla daktari hajasema.

Mtu anaweza kuwa na vyote viwili?

Anaweza. Kwa DSM-5, toleo la mwaka 2013 la mwongozo ule wa Marekani, mwenye usonji huongezewa skizofrenia pale tu anapokuwa na imani potofu zilizo wazi, au kuona na kusikia yasiyokuwepo, kwa walau mwezi mmoja, au pungufu iwapo tayari ametibiwa na dalili hizo zikatulia. Ukimya na kujitenga peke yake havitoshi.

Dawa zinaweza kuharibu kipimo?

Ndiyo. Haloperidol, dawa ya skizofrenia, kwa mfano, inaweza kukakamaza uso na kupunguza ishara za mikono, na hayo ndiyo mpimaji anayoyatazama. Mtajieni kila dawa na kiasi chake. Na mgonjwa akiwa katika kipindi kikali, ni heri kungoja atulie.

Dodoso linauliza kama ningependa kwenda maktaba kuliko sherehe. Kijijini kwetu hakuna maktaba. Nijibuje?

Swali lako limenigusa, kwa sababu wengi hujibu tu na kuendelea. Linalotafutwa pale ni kama unavutwa na mkusanyiko wa watu au na utulivu. Ukichagua sherehe kwa kuwa hujawahi kuona maktaba, umetueleza kuhusu kijiji chako, na bado hatujakujua wewe. Mpaka wa 32 nao ulipatikana kwa Waingereza. Kutafsiri maneno hakuufanyi kuwa mpaka wetu. Mwambie mpimaji wazi kwamba swali halikukuhusu, naye aulize kwa namna nyingine.

Nimsindikize mdogo wangu kupimwa. Tubebe nini?

Mleteni aliyemlea. Ataulizwa alianza kusema lini, alicheza na wenzake au kando yao, alifanyaje ratiba ya nyumbani ilipovurugika. Kadi ya kliniki na ripoti za shule ya msingi zina thamani kubwa. Kama mama ametangulia mbele ya haki, tafuteni dada mkubwa aliyembeba mgongoni.