Shamba la babu halijagawanywa tangu 1987: je, shangazi bado wana fungu?

SWALI: Assalaam alaykum sheikh. Babu yetu alifanya kazi reli, na baada ya uhuru akanunua ekari nne upande wa Ruiru, akalima kahawa na kufuga ng'ombe wa maziwa. Alifariki 1987 akaacha mke mmoja, ambaye ndiye nyanya yetu, wana wawili na mabinti watatu. Baba yangu alifariki 1999, nyanya akafuata 2006. Hatimiliki ingali na jina la babu. Tangu Barabara ya Thika ipanuliwe mji umetufikia, kahawa imeng'olewa, na sasa dalali ameleta mnunuzi anayetaka kukata ploti. Ami anasema pesa tugawane nusu kwa nusu, yeye na sisi watoto wa marehemu baba, kwa kuwa shangazi waliolewa na hawajadai kitu miaka yote hii. Sisi sote ni Waislamu. Dini inasemaje?

JIBU: Wa alaykumu ssalaam. Shangazi zenu wana haki kamili, na mkiuza bila wao mtakuwa mmekula mali ya wenyewe. Mwenyezi Mungu anasema katika Suratun Nisaa, aya ya 7, kwamba wanawake wana fungu katika walichoacha wazazi wao, kiwe kidogo au kingi, fungu lililofaradhishwa. Aya haikusema ila walioolewa, wala haikuweka muda wa kudai.

Umefanya vyema kuniandikia nani alifariki lini. Familia nyingi zilizozungukwa na mji huu hunijia zikiwa na bei ya ploti tu mkononi, na ukiwauliza nani alitangulia, wanatazamana. Mirathi haihesabiwi bila tarehe hizo.

Shamba lilihama mikono siku aliyofariki babu, baada ya madeni na wasia kama vilikuwepo. Nichukulie kwamba wazazi wake na wa nyanya walikwisha kufariki. Nyanya alipata thumni, yaani moja ya nane, ambayo hapa ni nusu ekari. Ekari tatu na nusu zilizobaki ni za watoto, mwanamume mara mbili ya mwanamke: kila shangazi nusu ekari, ami ekari moja, baba yako ekari moja.

Baba yako alipofariki 1999 mama yake alikuwa hai, na mama humrithi mwanawe. Kwa hiyo sudusi, yaani moja ya sita, ya ile ekari ilikwenda kwa nyanya. Mama yako ana thumni ya ekari hiyo akiwa alikuwa bado mkewe, na salio ni lenu watoto. Kisha nyanya akafariki 2006 akiwa na thuluthi mbili za ekari, yaani ile nusu yake pamoja na sudusi hiyo. Hapo ninyi wajukuu hamna kitu, maana ami alikuwa hai naye anawazuia. Zinagawanywa mafungu matano: mawili ya ami, moja moja kwa shangazi.

Mwisho wa hesabu, ami ana ekari moja na robo na kidogo, nyumba yenu ina pungufu ya ekari moja, na kila shangazi ana zaidi kidogo ya nusu ekari. Kwa ploti za futi 50 kwa 100, hiyo ni kama ploti tano kwa kila mmoja kabla ya kutoa barabara. Shangazi watatu kwa pamoja wana karibu nusu ya shamba. Linganisha na mpango wa ami uone ukubwa wa dhulma.

Amepokea Jabir, katika Abu Daud na Tirmidhi, kwamba mjane wa Saad bin Rabii alimjia Mtume (s.a.w.) na mabinti wawili. Baba yao aliuawa katika vita vya Uhud, na ami yao akachukua mali yote. Mtume akamwamuru awape mabinti thuluthi mbili na mama yao thumni, kinachobaki ndicho chake. Kisa hiki msomee ami yako kwa adabu, mkiwa peke yenu.

Wala asiseme kwamba kunyamaza kwao ni kusamehe. Binti wa kwetu huogopa kuitwa mwenye tamaa akidai shamba la baba. Msamaha unakubalika pale mtu anapojua fungu lake na thamani yake ya leo, kisha akaliacha kwa moyo mkunjufu.

Ami naye ana haki zake. Kama amejenga nyumba hapo shambani, ni yake, basi fungu lake likatwe hapo ilipo. Alichomlisha mama yake bila kukihesabu kuwa deni ni wema, hakitolewi katika mirathi. Mapato ya kahawa ya mafungu ya wenzake kwa asili anadaiwa, lakini nawasihi shangazi wamwachie, kwani yeye ndiye aliyelinda shamba lisiliwe.

Msipokee hata shilingi ya dalali kwa sasa. Ardhi yenye jina la marehemu haiuzwi kabla mirathi kufunguliwa. Ibara ya 170 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inawapa makadhi mamlaka ya mirathi pale wahusika wote ni Waislamu na wameridhia, basi nendeni pamoja Mahakama ya Kadhi na vyeti vyote vitatu vya vifo, na shangazi zenu wawepo. Kama mmoja wao amefariki, fungu lake linakwenda kwa warithi wake, mumewe na watoto wake wakiwemo. Wallahu aalam.