Barua kwa mwanangu: ya nyumbani umweleze nani

Mwanangu Neema,

Ujumbe wako nimeusoma. Unasema mchungaji amewaita wewe na mumeo mkazungumze naye habari za ndoa yenu, nawe unaogopa kwamba wiki ijayo kwaya nzima itakuwa inajua. Unauliza kama si afadhali ufunge na kuomba peke yako.

Nenda. Ila ujue unamwendea nani.

Hofu yako si ya bure. Miaka yote hii ya uzee wa kanisa nimeyaona: jumuiya ya alfajiri, watu wameketi kwenye viti vya plastiki, mtu anaomba, "Tumkumbuke dada yetu mmoja wa mtaa wa pili, ndoa inatikisika." Jina hakulitaja, lakini kabla ya Amina kila mtu kishamjua. Huo ni umbeya uliovaa kanga ya kanisa. Kwetu ombi la namna hiyo nalikata palepale. Mwenye shida aseme mwenyewe.

Basi msikilize kwanza mchungaji wako anavyosimulia ya wengine. Akikutolea mfano wa "wanandoa fulani" ukawatambua, maliza chai yake uage. Akiwasitiri wenzako, atakusitiri na wewe. Muulize pia, bila aibu, ni nani mwingine atakayeambiwa. Na akiwaelekeza kwa aliyesomea ushauri nasaha, msione amewatupa. Kwenye Biblia, Yethro alimkuta mkwewe Musa akiamua mashauri ya watu tangu asubuhi hata jioni, akamwambia atachoka yeye na watu wake. Mwenye usharika mzima, na mazishi, na kipaimara, atawapa nusu saa ngapi?

Mama mkwe wako anadai kwenda kwa mchungaji ndiyo mwanzo wa kuachana. Anachanganya na baraza la usuluhishi, ambalo Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka ndoa ipitie, kwa kawaida, kabla ya kuomba talaka mahakamani. Ninyi hamjashtakiana.

Kupigwa ni habari nyingine. Mumeo akikunyanyulia mkono, usianzie kwa mchungaji. Nenda polisi, dawati la jinsia na watoto, kisha hospitali, kisha panda basi uje. Atakayekwambia "vumilia, ndio msalaba wako", mwambie mama yako mzee wa kanisa amekataa.

Kufunga funga, sikuzuii. Lakini Yakobo, katika waraka wake, anataka tuungamiane na kuombeana, na ukiomba peke yako kila siku unasikia upande wako tu. Kwa mchungaji mtakaa mara chache. Kukua kwenyewe kunatoka kwa watu wale wale mnaosoma nao Neno, mnaokwenda nao kumwona mgonjwa, wanaokuja kwako zamu yako ikifika. Tangu uhamie Dodoma hujajiandikisha jumuiya yoyote. Najua unasali ibada ya pili na kutoroka kabla ya matangazo.

Nipigie Jumamosi mchana. Asubuhi nipo jumuiya.

Mama