Pampu ya pumu haizoeshi, acheni kuwatisha wazazi

SWALI: Mwanangu ana miaka 9, ana pumu. Hospitali walimpa pampu mbili, ya bluu na ya kahawia. Wifi yangu anasema pampu ikimzoea mtoto hataishi bila hiyo na inachosha moyo. Ya kahawia nimeacha maana sikuona ikimsaidia, ya bluu nampa akizidiwa tu. Kuna unga wa asili nimeletewa, wiki ya tatu sasa hajabanwa kabisa na anakula vizuri sana. Niachane na pampu moja kwa moja? (Mama, Morogoro)

JIBU: Mama, mimi ni mfamasia na hili neno la "pampu inazoesha" nalisikia dirishani karibu kila siku, na sijui nani alilianzisha ila limeshaumiza watoto wengi. Tupige hesabu. Kidonge kimoja cha salbutamol, dawa ileile iliyomo kwenye pampu ya bluu, cha miligramu 4 ni sawa na maikrogramu 4,000. Ukibonyeza pampu ya bluu mara moja inatoa maikrogramu 100, mara mbili 200. Yaani kile kidonge ambacho watu wanakiona salama kina dawa mara 20 ya mibonyezo miwili, na kinapitia tumboni kinazunguka mwili mzima ndo maana mtu anatetemeka mikono na moyo unaenda mbio, wakati ya pampu inaenda kwenye mapafu penyewe. Sasa inayosumbua moyo ni ipi?

Na mtoto hawi teja wa pampu. Akiitafuta bluu kila saa ujue pumu yenyewe haijadhibitiwa, na haijadhibitiwa kwa sababu ile ya kahawia imekaa kabatini. Bluu inalegeza misuli ya njia ya hewa, ndani ya dakika chache anapumua, halafu baada ya kama masaa manne nguvu yake inakwisha. Kahawia ni beklometasoni, hiyo inashusha ule uvimbe wa ndani, taratibu, siku hadi wiki kadhaa, asubuhi na jioni hata kama mtoto anacheza mpira hana shida. Huwezi kuiona ikifanya kazi mama, kazi yake ni hiyo siku ambayo hajabanwa. Watu wananunua bluu tu kwa sababu wanaona matokeo palepale, mtu anamaliza kopo la mibonyezo 200 ndani ya mwezi mmoja anarudi kuchukua lingine anajiona yuko kwenye dozi, kumbe huyo ndo yuko hatarini kuliko wote. Tangu 2019 mwongozo wa kimataifa wa pumu unasema kijana wa miaka 12 kwenda juu na mtu mzima asitibiwe kwa bluu peke yake.

Lingine, wengi wanasema pampu haisaidii kumbe hawaivuti. Juzi mtoto kabonyeza mbele yangu, moshi wote ukatokea puani. Kwa umri wa mwanao tumia spesa, lile kopo la plastiki linalochomekwa kwenye pampu mtoto avutie humo, ukikosa chukua chupa ya maji ya plastiki ya nusu lita iliyo safi na kavu, toboa kitako tundu linalobana mdomo wa pampu, tikisa pampu, bonyeza mara moja, mtoto avute na kutoa pumzi mdomoni kwenye chupa mara tano sita, ndo ubonyeze tena. Baada ya kahawia asukutue mdomo ateme, asije akapata fangasi.

Sasa huo unga, hapo ndo nimeshtuka. Dawa za pumu zinazouzwa kwenye vifuko bila jina nyingine zimesagiwa predinisoloni au deksamethasoni ndani, steroidi hizohizo za hospitali, yaani dawa kali za kushusha uvimbe, ila bila kipimo na muuzaji anaapa ni mizizi tupu. Lazima zitakupa nafuu, na hamu ya kula inapanda kama ulivyoeleza. Wa kwako siwezi kuujua bila kupimwa lakini dalili hazinipendezi. Nilishampokea baba mmoja uso umejaa mviringo, shingo imenenepa, mikono imekonda, katumia unga miezi, muuzaji kahama mji na dawa ikakatika ghafla, kaja anatapika hawezi kusimama kwa sababu mwili ulishaacha kutengeneza steroidi yake wenyewe. Halafu wauzaji haohao ndo wanaosema pampu ina kemikali! Inakera sana, wanacheza na pumzi za watoto wa watu.

Kwa hiyo usiendelee na huo unga kienyeji na usiukatishe kimyakimya pia, kesho asubuhi mpeleke hospitali na kifuko chenyewe mkononi, waambie ametumia wiki tatu. Kahawia anza kumpa leo jioni kama ulivyoandikiwa. Na usiku huu akibanwa hawezi kumaliza sentensi, mbavu zinaingia ndani au midomo inabadilika rangi, mpe bluu kwa chupa mibonyezo minne, mmoja mmoja, tafuta usafiri papo hapo, na mkiwa bado njiani rudia kila baada ya dakika 20.