Chaki ni ya shule, maka ni yako: maswali ya walimu wa ajira mpya

Barua nyingi za safari hii zimetoka Arusha na Moshi, na kilio ni kimoja: mshahara wa kwanza haujakaa vizuri mfukoni, tayari umeanza kununua chaki. Tumechagua sita. Mbili tumezijibu kwa kirefu kwa sababu ndizo zinazokula fedha.

Shikamooni. Nafundisha Darasa la Nne, shule ya msingi ya serikali, wanafunzi 74. Kwa wiki sita nimetumia Sh 63,000 zangu: chaki, manila, dasta, na kopi za majaribio ya kila Ijumaa, masomo mawili, karatasi moja kila somo. Mwalimu mkuu alisema nitunze risiti. Nimezipeleka, naambiwa nisubiri. Fedha hizi zitarudi? — Mwalimu, Arusha

Marahaba, mwalimu. Tukwambie ukweli mapema: sehemu kubwa ya fedha hiyo ihesabu imekwenda, na huenda mwalimu mkuu wako hana roho mbaya hata kidogo.

Tazama hesabu. Tangu elimu bila malipo ianze Januari 2016, ruzuku ya uendeshaji kwa shule ya msingi imepangwa kwa Sh 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, ambapo Sh 4,000 hubaki juu kwa ajili ya vitabu na Sh 6,000 hufika shuleni. Hiyo ni Sh 500 kwa mwezi kwa kila mtoto. Darasa lako la watoto 74 linaingiza Sh 37,000 kwa mwezi, yaani Sh 55,500 kwa mwezi mmoja na nusu, na humo humo mna mitihani, ukarabati, michezo na utawala. Wewe peke yako umetumia zaidi ya fungu zima la darasa lako. Hata shule ikitaka kukulipa, itachota kwa mwenzako.

Kuna ugumu wa pili, nao ni wa makaratasi. Matumizi ya shule huanza na mahitaji, yakapitishwa, ikaja profoma (karatasi ya bei) ya muuzaji, hati ya malipo ikaandaliwa, mzigo ukapokelewa na kuandikwa kwenye leja ya stoo, kisha kila kitu kikaonekana kwenye FFARS, mfumo wa kompyuta wa hesabu za fedha za shule. Wewe umeanzia mwisho. Risiti yako ina tarehe iliyotangulia idhini, pengine ina jina lako au haina jina kabisa, na chaki zenyewe zimeshakuwa vumbi, hazikupita stoo. Mkaguzi akija atauliza ziko wapi. Anayejibu hoja hiyo ni mwalimu mkuu, siyo wewe.

La kufanya sasa: tenga risiti za EFD (zile za mashine ya kodi) peke yake na zile za kuandikwa kwa mkono weka pembeni. Andika dokezo la ukurasa mmoja kwa mwalimu mkuu, orodhesha vitu, idadi na tarehe, ambatisha nakala za risiti za EFD (halisi baki nazo hadi utakapoambiwa uzikabidhi kwa kusaini), na uombe suala lifikishwe kwenye kamati ya shule. Likipita, shukuru. Lisipopita, usilifanye ugomvi wa ofisini. Mwaka wa kwanza kazini una mambo mengi ya kupigania kuliko hilo.

Kuanzia kesho, dokezo litangulie duka. Mtaaluma, yaani mwalimu wa taaluma, atakusikiliza ukimpelekea namba badala ya malalamiko. Kwa mfano chaki: vipindi sita kwa siku, kipande kimoja na nusu kwa kipindi, ni vipande tisa kwa siku, 45 kwa wiki. Kwa wiki 18 za masomo ni vipande 810. Boksi lina vipande 100, kwa hiyo unahitaji maboksi tisa. Hujui unatumia kiasi gani? Andika tarehe juu ya boksi siku unapolifungua, na nyingine siku linapoisha. Baada ya maboksi mawili utakuwa na makadirio ambayo hakuna mtu ofisini atakayeyapinga. Lifikishe dokezo kabla kamati haijakaa, maana ikishakaa unaweza kusubiri miezi mitatu.

Sasa kopi, ambazo ndizo mwizi mwenyewe. Karatasi 148 kwa wiki, kwa wiki sita ni 888. Hata kwa Sh 50 ni Sh 44,400. Katika Sh 63,000 zako, vilivyobaki ni makombo. Kwa jaribio la kila wiki hakuna sababu ya kutoa kopi. Gawa ubao mara mbili, upande A na upande B, maswali kumi kila upande, yanayofanana ugumu lakini yenye tarakimu tofauti. Anayekaa kushoto kwenye dawati anafanya A, wa katikati B, wa kulia A. Majibu yaandikwe kwenye nusu karatasi ya daftari, namba na jibu tu. Kinachoharibika mara nyingi ni kwamba walimu huandika maswali watoto wakiwa ndani, dakika 15 zinapotea na kelele zinaanza. Andika wakati wa mapumziko. Penye lazima ya kopi, kama mtihani wa mwisho wa mwezi, panga mtihani kwenye nusu ya A4, mara mbili kwenye ukurasa mmoja, ukate kwa rula. Tayari umepunguza nusu.

Je, naweza kuchangisha Sh 200 kwa kila mtoto kwa ajili ya kopi hizo? Wazazi wenyewe wameridhia kwenye grupu la WhatsApp. — Mwalimu, Usa River

Hapana, mwalimu, hata wakituma emoji za makofi. Waraka wa Elimu Na. 3 wa mwaka 2016 umemwachia mzazi sare, madaftari, kalamu na mahitaji mengine ya mtoto mwenyewe. Michango ya shule ina taratibu zake, na haianzii kwenye simu ya mwalimu. Fedha ikiingia kwenye laini yako tu, kosa ni lako hata kama kila senti imekwenda kwenye karatasi. Wazazi wenye nia wapeleke hoja kwa mwenyekiti wa kamati ya shule, na mchango usiwe masharti ya mtoto kufanya jaribio.

Ubao wa darasa langu umepauka, chaki haishiki, watoto wa nyuma hawaoni. Wenzangu wananiambia nivunje betri za tochi, nichanganye na majani ya maboga. Au ninunue rangi mwenyewe? — Mwalimu, Pasua, Moshi

Betri achana nazo. Ule unga mweusi ni kaboni na manganizi, pamoja na chumvi zinazounguza ngozi na macho, na ukikauka vumbi lake linavutwa kila dasta inapopita. Kibaya zaidi, anayetumwa kuuponda huwa ni mwanafunzi. Utomvu wa majani unashikilia kwa wiki chache tu, halafu mnarudi palepale.

Kabla ya kununua chochote, osha ubao. Mara nyingi ubao "uliopauka" ni ubao uliojaa vumbi la chaki lililogandishwa na matambara yenye maji machafu. Maji safi, kitambaa cha pamba, futa kutoka juu kwenda chini, badilisha maji yanapokuwa meupe, acha ukauke usiku kucha. Ukikauka na bado ni wa kijivu, au chaki inateleza, hapo ni rangi.

Rangi ya ubao ni ukarabati, na ukarabati una fungu lake katika ruzuku, kwa hiyo dokezo kwanza. Ubao wa kawaida wa mita 2.4 kwa 1.2 una eneo la mita za mraba 2.88, mikono miwili ni kama 5.8. Kopo la lita moja linatosha kwenye ubao laini. Saruji iliyoparuza hunywa zaidi, hivyo omba lita mbili au ulainishe kwanza. Orodha yako iwe hivi: rangi ya ubao lita 1, msasa wa namba 120 karatasi tatu, rola ndogo ya sponji, na kiyeyusho kidogo kinachoandikwa kwenye kopo lenyewe.

Mashimo jazia kwa saruji na mchanga uliochekechwa. Hapa ndipo wengi wanapoharibu: saruji mbichi haipakwi rangi ya mafuta. Ina chokaa inayokula rangi, nayo hutoa malengelenge na kubanduka. Plasta mpya iache siku 28. Ikishakomaa, piga msasa, pangusa vumbi, pita mkono wa kwanza kwa rola ukienda mlalo, subiri saa 24, pita wa pili ukienda wima. Brashi huacha michirizi, na chaki hurukaruka juu yake.

Kisha siku tatu bila kuandika. Ukianza Ijumaa jioni, mkono wa pili ni Jumamosi jioni, na ubao uko tayari Jumanne jioni. Kwa hiyo panga kazi hii likizo, au uombe chumba kingine Jumatatu na Jumanne. Fundi atakayekuambia "kesho unaandika" hatakuwepo kesho.

Bado hujamaliza. Chukua chaki, ilaze ubavu, paka ubao mzima mpaka uwe mweupe, futa kwa dasta kavu. Rudia. Vumbi hilo hujaza vitundu vya rangi. Usipofanya hivyo, maneno ya kwanza utakayoandika yatabaki kivuli mpaka rangi itakapochakaa.

Wala usikubali rangi nyeusi ya mlango kwa kuwa ni rahisi. Inang'aa, chaki inateleza, na wa dirishani wanaona mwanga tu.

Chaki zetu wakati wa masika zinakuwa laini na haziandiki. Ni feki? — Mwalimu, Rau

Si lazima. Chaki hunywa unyevu wa hewa, na Moshi ya Machi hadi Mei ina unyevu wa kutosha. Zianike juani kwa muda wa saa mbili au tatu, kisha zitie kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko unaobana. Boksi la karatasi juu ya sakafu ya saruji ndiyo adui. Zikikauka na bado zinakwaruza, hapo ndipo utilie shaka bidhaa, na umwambie mtunza stoo asinunue tena aina hiyo.

Nina Darasa la Kwanza, watoto 60. Kama nitatoa fedha yangu kidogo kwa zana, ninunue nini? — Mwalimu, Kiboriloni

Nunua vile utakavyoondoka navyo: mkasi mzuri, rula ya mita moja, maka zisizofutika za rangi tatu, kopo la chaki, kaunta buku la kumbukumbu. Vinavyoisha (karatasi, chaki, gundi) viache vibaki mzigo wa shule.

Manila tungeziacha pia. Hufa pembeni kwanza, pale selotepu inapong'olewa. Tafuta viroba vya sukari vya kilo 50. Wauza jumla wa soko la Mbuyuni, Moshi, huviuza vikiwa vitupu. Fumua mshono wa chini na ukate ubavu mmoja, utapata kitambaa cha upana wa zaidi ya mita, na upande wa ndani hauna maandishi. Osha kwa sabuni hadi utamu utoke, la sivyo sisimizi watakusomea chati. Usikipige pasi moja kwa moja, kitayeyuka. Kilaze chini ya godoro siku mbili. Kingo zitafumuka, kwa hiyo mpe fundi cherehani akunje, au pitisha mwali wa mshumaa kwa haraka, watoto wasiwepo. Chora kwa penseli, fuatisha kwa maka isiyofutika. Maka za ubao mweupe zitafutika kwa kiganja cha mtoto wa kwanza. Funga fito juu na chini, kisha chati ikunje kama mkeka, usiikunje kama shuka. Isikae dirishani: jua hukausha plastiki hiyo, ikaanza kupukutika.

Za kuhesabia hazihitaji duka. Kila mtoto alete vijiti 20 vya urefu wa kidole cha kati, unapata 1,200, unavifunga kumikumi kwa uzi wa magome ya migomba. Vizibo vya soda ni vizuri ukishavigonga kingo zilale. Maharage na mahindi hatuvipendi kwa umri huu: hubunguliwa, na mtoto akijitia puani punje huvimba kwa unyevu, mnamalizia zahanati.

Nasikia Marekani mwalimu akinunua vifaa anapunguziwa kodi. Na PAYE yangu, kodi ya mshahara? — Mwalimu, Njiro

Ni kweli, ila kuna chumvi kidogo. Sheria yao ilianza na dola 250 mwaka 2002, ikafika 300 mwaka 2022, lakini kinachopunguzwa ni kipato kinachotozwa, siyo kodi yenyewe. Anayekatwa asilimia 12 anaokoa dola 36 katika 300. Kwetu, PAYE hukatwa kwenye mshahara bila kuangalia risiti zako za manila.

Risiti hizo hata hivyo zitunze kwa sababu nyingine, nayo ni uhamisho. Kila kitu chako unachokiingiza darasani kiandike kwenye kaunta buku: jina la kitu, tarehe, namba ya risiti, na saini ya mwalimu wa stoo kwamba ni mali binafsi. Barua ya uhamisho ikija, rula ya mita na chati zako utazibeba kwa ukurasa huo. Bila saini hiyo, vitahesabiwa vya shule, na utaondoka na maka mfukoni tu.