Beringi zinazolia baada ya mchanga wa Nyali

Ndugu yangu, umeuliza kama kupuliza WD-40, ile dawa ya kopo ya kufukuza maji na kutu, kunatosha kunyamazisha magurudumu yanayolia tangu ulipokimbiza gari lako la rimoti ufuoni Nyali. Hakutoshi. Inafukuza maji, lakini haikai muda mrefu kama kilainishi, na mchanga wenye chumvi unabaki mle ndani ukisaga gololi za beringi, zile pete zinazolifanya gurudumu lizunguke kwa wepesi.

Zitoe beringi, ubandue vifuniko vya mpira taratibu kwa ncha ya sindano visipindike. Zitikise kwenye kichupa chenye spiriti, mbali na moto, mpaka uchafu uishe, kisha zikauke kabisa. Vifuniko vyenyewe vioshe kwa maji ya sabuni tu. Za magurudumuni nakushauri grisi: gari litapungua wepesi kidogo, lakini grisi huzuia mchanga, na kwa pwani yetu hilo ndilo la maana. Za mota, tone moja la mafuta ya cherehani.

Kila beringi izungushe kidoleni. Ikikwaruza au ikichezacheza, usiihurumie, badilisha. Ila pima kwanza. Magari mengi ya 1/10, yaani ya ukubwa wa sehemu moja ya kumi ya gari halisi, hutumia 5x11x4, yaani tundu milimita 5, kipenyo cha nje 11, unene 4. Chukua zenye mpira pande zote mbili.