Mpwa wangu, kuhusu kuacha kazi uje kufungua kampuni huku

Mpwa wangu, umeniuliza kama uache kazi yako ya kompyuta benki hapo Dar es Salaam uje Marekani kuanzisha kampuni kama mimi, na mama yako naye ameuliza kwa nini mtu aliyepewa dola laki sita na wawekezaji bado hajamaliza paa la nyumba ya bibi yako. Nitawajibu nyote wawili bila kuficha.

Kilichoamua njia yangu zaidi ya elimu ni karatasi za ukaazi. Anayehitimu hapa hupewa miezi 12 ya kufanya kazi, na aliyesomea sayansi ya kompyuta huweza kuongezewa 24. Ndani ya muda huo anahitaji mwajiri wa kumwombea H-1B, viza ya kazi ya wataalamu wa kigeni, ambayo kikomo chake kwa mwaka ni 85,000, na 20,000 kati ya hizo ni za waliosoma uzamili au zaidi katika vyuo vya hapa. Wakati wangu washindi walipatikana kwa bahati nasibu. Nilikosa mwaka 2017, nikakosa tena 2018, na mwaka 2019 wakili aliponipigia simu kuniambia nimepata, nilikuwa kituoni Seattle nikisubiri basi. Nilikaa pale kwenye benchi hadi mabasi matatu yakapita. Hata hivyo viza ile ilinifunga kwa mwajiri aliyeniombea, kwa hiyo wazo la kampuni nililolipata mwaka 2018 lilikaa daftarini hadi 2023, nilipopata grini kadi, yaani kibali cha ukaazi wa kudumu, nikawa huru kumwacha mwajiri.

Dada yangu, fedha zile ni za kampuni, na wawekezaji walizitoa kwa kununua hisa. Kuzitumia kwa bati za mama kungekuwa wizi. Wafanyakazi wanne hulipwa kila tarehe 15 na mwisho wa mwezi, mimi nikifuata baada yao, na mshahara wangu leo ni nusu ya ule nilioacha. Hisa zangu zinakomaa, yaani zinakuwa mali yangu kamili, kidogo kidogo kwa miaka minne, na kampuni ikiuzwa kwa bei ya chini, wawekezaji watarudishiwa chao kwanza. Bati nitazinunua kwa mshahara wangu, na ndiyo maana zinachelewa.

Jambo ambalo sikulitarajia, na ambalo bado linaniuma, ni kwamba siku hizi karibu siandiki programu kabisa. Nilisomea algoriti (hatua za kompyuta kutatua tatizo) na hifadhidata kwa mapenzi, na zilinitosha kuujenga mfumo wetu wa kwanza peke yangu kwa miezi mitano. Sasa asubuhi nzima huishia kwenye simu za wateja ambao hawajalipa ankara.

Kwa hiyo usiache kazi bado. Omba kwanza udahili wa uzamili huku, maana njia ya karatasi huanzia chuoni, na barua ya chuo ikifika, nitumie kabla hujalipa chochote, tuisome pamoja mstari kwa mstari.